Kwenda Majuu au Kubaki: Kabla ya Kutaja Nchi, Taja Karatasi

Mnamo Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin. Habari ilipofika Nairobi ilikuwa imeshanenepa: Ujerumani inataka Wakenya 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikajitokeza hadharani kusema hakuna idadi wala mgao wowote ndani ya mkataba ule. Kanusho hilo halikumfikia kila mtu. Bado utamsikia abiria kwenye matatu ya Rongai akiulizia "zile nafasi laki mbili unusu" zinaombewa wapi.

Kilichokuwapo siku zile kilikuwa kidogo zaidi. Kampuni moja ya mabasi huko Flensburg, kaskazini mwa Ujerumani, ilikuwa imepokea madereva wa kwanza kutoka Kenya kwa majaribio. Walikuwa watano. Mkataba wenyewe una pande mbili, na upande wa pili hausimuliwi sana huku kwetu: mbali na kuwafungulia njia wenye ujuzi na vijana wanaokwenda kujifunza kazi, unarahisisha kuwarudisha nyumbani Wakenya wasio na haki ya kuishi Ujerumani.

Mazungumzo ya kwenda au kubaki hukwama mahali palepale kila mara. Wanaotaka kwenda hutaja nchi: Kanada, Saudia, Ujerumani, Dubai. Wanaotaka tubaki hutaja uzalendo. Karatasi haitajwi, ilhali kwa maoni yangu ndiyo inayoamua maisha ya mtu kuliko jina la nchi. Wakenya wawili wanaweza kuishi mtaa mmoja Birmingham kwa mishahara inayokaribiana, mmoja akawa anatafuta nyumba ya kununua na mwenzake akawa anaogopa hata kumjibu msimamizi wake. Tofauti yao imeandikwa kwenye kibali.

Karatasi zenyewe

Tuzipange kwa mfano wa nyumba, maana Nairobi hakuna asiyejua shida ya nyumba.

Viza ya matembezi inakufanya mgeni wa sebuleni. Umekaribishwa, unapewa chai, na siku yako ya kuondoka inajulikana. Huruhusiwi kufanya kazi. Ajenti akikwambia "ingia na ya matembezi, utabadilisha ukifika", anakutuma ukalale kwenye kochi la watu ukitarajia kupewa chumba. Ziko nchi ambazo sheria inaruhusu kubadilisha hadhi ukiwa ndani, kwa masharti, lakini hilo ni jambo la kuthibitisha kwa ubalozi husika wala si la kuamini mdomo wa anayetaka kamisheni.

Kibali cha kazi mara nyingi hufungwa kwa mwajiri mmoja. Hapo wewe ni askari wa geti anayelala kwenye kijumba nyuma ya nyumba ya bosi: kazi ikiisha, kijumba nacho kimeisha. Uingereza, kwa mfano, mfanyakazi mwenye viza ya kazi akipoteza mwajiri aliyemdhamini kwa kawaida hupewa siku 60 ampate mdhamini mwingine au aondoke. Kwa mtu mwenye mkopo wa sacco nyumbani, siku hizo hukimbia.

Ukaazi wa kudumu ni upangaji wa mkataba mrefu. Unabadilisha kazi bila kuomba ruhusa, unasoma, unaugua na kupona bila kuhofia bosi. Hata hivyo unaweza kuupoteza, hasa ukikaa nje ya nchi hiyo muda mrefu au ukipatikana na hatia ya kosa kubwa.

Uraia ni hati miliki. Na hapa kuna hofu ambayo bado inawasumbua wazee wetu, kwamba ukichukua uraia wa nje umeitupa Kenya. Ilikuwa kweli zamani. Tangu Katiba ya 2010, Ibara ya 16, raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine, na waliopoteza chini ya sheria ya zamani wanaweza kuomba kurudishiwa. Jambo la kuangalia ni sheria ya nchi ya pili, kwa sababu nyingine zinakutaka uukane wa kwanza. Ujerumani yenyewe ililegeza sharti hilo Juni 2024 tu. Ukiukana uraia wa Kenya ukawa mgeni kabisa, huwezi kumiliki ardhi hapa isipokuwa kwa kukodishiwa, na muda wa juu ni miaka 99. Na ukibaki na uraia wa nchi mbili, usitarajie kuwa mbunge.

Kuna na anayebisha hodi usiku kwa sababu kwao kunawaka moto: mwomba hifadhi. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa 1951 unamtambua mtu anayehofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Ugumu wa maisha haumo, hata uwe mkali namna gani. Mawakala wanaowafundisha vijana hadithi ya kwenda kusimulia uwanja wa ndege wanawatia kwenye udanganyifu ambao utabaki kwenye faili zao miaka mingi, na wanawaharibia wenye moto wa kweli.

Ghuba, na kwa nini ni hesabu nyingine

Kibali kilichofungwa kwa mwajiri kina sura yake kali zaidi katika mfumo wa kafala, ambao umetumika kwa miaka mingi katika nchi za Ghuba na Lebanon. Mwajiri ndiye mdhamini wa ukaazi wako. Saudia ilipotangaza mageuzi ya sheria za kazi yaliyoanza Machi 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje, na hao ndio wengi wa akina dada wanaoondoka uwanja wa ndege wa JKIA wakiwa wamevaa fulana za rangi moja.

Tusiwadharau kwa kwenda, kwa sababu hesabu yao si ya kipumbavu. Mshahara wa chini wa kisheria wa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi ulipandishwa Novemba 2024 hadi zaidi kidogo ya shilingi 16,000 kwa mwezi, na wengi hawalipwi hata hizo. Mikataba ya Saudia imekuwa ikitaja riyali 900 hivi, ambazo ni kama shilingi 31,000, na analala na kula kwa mwajiri. Karibu mara mbili, bila kodi ya nyumba. Anachokiacha nyuma ni ule uwezo wa kufunga mkoba na kuondoka: kazi ya South B ukiichoka unapanda matatu jioni, kazi ya Riyadh ukiichoka pasipoti inaweza kuwa kwenye droo ya mwenye nyumba. Na kwa sababu kwa kawaida mwajiri ndiye aliyelipia gharama za kumleta, wapo wanaoona wamenunua mtu, na anayetaka kurudi mapema huambiwa arudishe fedha hizo.

Serikali yetu imeyumba katika jambo hili. Mwaka 2014 ilizuia kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Ghuba, kisha 2017 ikafungua tena. Siku hizi inaipigia debe kazi ya nje kama dawa ya ukosefu wa ajira. Binafsi naona serikali inayosherehekea vijana wake wakiondoka ingeanza kwa kuongeza maafisa wa kazi kwenye balozi za huko wanakopelekwa.

Fedha: mshahara wa kusikia na mshahara wa kushika

Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.95. Ni zaidi ya chai, zaidi ya utalii, na zaidi ya nusu hutoka Marekani. Jumla hiyo husomwa kama ushahidi kwamba kila aliyeondoka anavuna. Haisemi ni nani aliyekopa ili atume, wala ni nani anayefanya zamu mbili.

Chukua muuguzi anayeanza kazi katika huduma ya afya ya umma ya England, daraja la 5. Mshahara wake wa mwaka wa 2025/26 ni pauni 31,049. Ukigawa kwa miezi 12 na kuzidisha kwa kama shilingi 170, unapata karibu 440,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo namba inayotajwa kwenye kikao cha ukoo Kakamega.

Sasa tushuke nayo. Kodi ya mapato ya asilimia 20 inaanza baada ya pauni 12,570 za kwanza, bima ya taifa asilimia 8, kisha pensheni. Mkononi zinabaki takriban pauni 2,000 kwa mwezi, yaani shilingi 340,000. Akiwa London, chumba kimoja katika nyumba ya kushiriki na wengine kinaweza kula pauni 800 au zaidi. Tuseme nauli, chakula, simu na nguo za baridi zinachukua 500. Amebaki na 700, kama shilingi 119,000, ikiwa hana mtoto wala deni la safari. Kutoka hapo ndipo itoke karo ya mdogo wake, dawa za baba, mchango wa harusi, na ile simu ya saa tano usiku inayoanza na "hujambo, ni siku nyingi".

Bado 119,000 ni fedha, na wauguzi wengi Nairobi hawawezi kuweka kiasi hicho kwa mwezi. Ndiyo maana sisemi asiende. Ila pengo kati ya 440,000 ambazo ndugu wanaziona na 119,000 alizo nazo ndilo linalovunja undugu. Wanaosema "amekuwa mchoyo tangu aende" walipiga hesabu kwenye namba ya kwanza.

Sarafu nayo ina mambo yake. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Baadaye mwaka huo ikatulia karibu na 129. Mama aliyekuwa akipokea dola 300 kila mwezi aliona 48,000 zikishuka hadi 38,700, na mtumaji hakuwa amepunguza hata senti.

Na ule uvumi kwamba Marekani sasa inakata kila shilingi inayotumwa nyumbani? Kodi ipo, ilianza Januari 1, 2026, na ni asilimia 1. Inawahusu wanaolipia kwa fedha taslimu na hundi za aina fulani. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki au kwa kadi iliyotolewa Marekani haimgusi.

Mlango unaweza kufungwa ukiwa njiani

Hili ndilo linalosahaulika zaidi na watu wanaofuata nyayo za binamu. Binamu aliingia kwa sheria za mwaka wake.

Uingereza ilifungua mlango kwa wahudumu wa wazee mwanzoni mwa 2022, na Nairobi vyuo vya kozi fupi vya kuhudumia wazee vikaota kama uyoga. Machi 2024 wahudumu hao wakazuiwa kuja na wake, waume na watoto. Julai 22, 2025 mlango wenyewe ukafungwa kwa maombi mapya kutoka nje. Aliyelipa karo ya kozi Juni mwaka huo alibaki na cheti ukutani. Hata walioko ndani hawajatulia: kwa miaka mingi waliokwenda kwa viza ya kazi waliweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 5, na Mei 2025 serikali ya huko ilitangaza nia ya kuifanya 10.

Kanada nayo, kwa mwanafunzi anayejitegemea, ilikuwa ikitaka aonyeshe dola 10,000 za Kanada za kujikimu mbali na karo na nauli. Januari 2024 ikawa 20,635. Septemba 2025 ikapanda hadi 22,895. Familia iliyouza shamba kwa hesabu ya zamani ilijikuta nusu ya safari.

Kwa hiyo mtu akikupa ushauri wa uhamiaji muulize aliingia mwaka gani. Na ukisoma tangazo, tafuta sharti lenyewe kwenye tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda. Ujerumani ni mfano mzuri: nafasi zipo kweli, lakini mbele yake kuna lugha. Kijana anayekwenda kujifunza kazi kwa mafunzo yenye posho hutakiwa kwa kawaida kufika kiwango cha B1 cha Kijerumani, na muuguzi B2 ili cheti chake kitambuliwe kikamilifu. Huko si kusoma wiki sita. Anayekuahidi Ujerumani bila kukuuliza habari za lugha hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Wauzaji wa namna hiyo wana bei kubwa kuliko fedha. Tangu 2022 wapo Wakenya walioahidiwa kazi za kuhudumia wateja Thailand wakajikuta Myanmar, ndani ya makambi ya ulaghai wa mtandaoni. Septemba 2025 polisi waliwatoa watu zaidi ya 20 katika nyumba za kukodi Athi River, wakiandaliwa kupelekwa Urusi, na waliotangulia kwa njia hiyo baadhi walijikuta kwenye vita vya Ukraine. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huchapisha orodha ya mawakala wenye leseni. Kuangalia jina pale kunachukua dakika chache. Leseni haimfanyi mtu kuwa malaika, ila asiye nayo hana hata pa kushtakiwa.

Kubaki si kukaa tu

Upande wa pili wa mizani hupimwa kwa uvivu vilevile. Kubaki husimuliwa ama kama ushujaa ama kama kushindwa.

Daktari kijana aliyegoma kwa siku 56 kati ya Machi na Mei 2024, huku mkataba wa 2017 ukiwapa madaktari wanagenzi shilingi 206,400 kwa mwezi na serikali ikisema ina 70,000 tu, usimhubirie uzalendo. Ana mtihani wake wa leseni wa kufanya na taaluma inayofungua milango mingi. Mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road aliye na wateja wa miaka mingi yuko kwenye hesabu tofauti kabisa: huko nje hakuna kibali cha kazi kinachotolewa kwa sababu unajulikana na mafundi wote wa mtaa. Akienda ataanzia chini, kwenye kazi yoyote itakayomkubali, na duka litakuwa mikononi mwa shemeji.

Hapo ndipo ningetaka watu wapime. Je, ulicho nacho kinasafiri? Uuguzi, uchomeleaji na umeme husafiri, baada ya mitihani. Sifa njema kwa wateja, ploti iliyo kwenye barabara nzuri, cheo cha uhasibu kilichojengwa juu ya sheria za kodi za Kenya, hivi husafiri vibaya. Wapo wahasibu wetu wengi wanaobadilisha mashuka ya wazee Texas, na si aibu, ila wengine hawakujua hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa miaka ya mwanzo.

Hati ya mshahara ya hapa nayo ina makato: bima ya afya ya jamii asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5, halafu kodi ya mapato. Anayebaki anastahili kulinganisha kinachobaki kwa kinachobaki, pamoja na vitu ambavyo havikatwi kwenye hati: bibi anayelea mtoto bila malipo ilhali malezi ya siku London ni kama kodi ya pili ya nyumba, chama kinachokusimamia ukifiwa, lugha unayojua kubishania. Na aweke upande mwingine hospitali isiyo na dawa na maombi ya kazi yasiyojibiwa tangu kuhitimu. Huwezi kumpangia mwingine uzito wa vitu hivyo. Mwenye mzazi mmoja mgonjwa na mwenye ndugu saba hawapimi kwa mizani moja.

Isitoshe, si lazima nje iwe ng'ambo ya bahari. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwapo tangu 2010, na kwa Mkenya kufanya kazi Kigali au Kampala ada ya kibali imeondolewa. Kila Ijumaa jioni kuna basi la kurudi. Sijui kwa nini njia hii haiwatii watu hamu.

Anayeamua kwenda, nusu ya kazi iko hapa kabla ya uwanja wa ndege. Familia iambiwe namba ya pili, ile ya kushika, na ikubaliane kiasi cha kutuma na miezi ambayo hakitatumwa mpaka deni la safari liishe. Anayetaka kujenga amwachie wakili hati ya uwakilishi yenye mipaka iliyoandikwa, na kabla ya kulipia ploti yoyote Nairobi afanye upekuzi yeye mwenyewe kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, maana mfumo huo unafunguka hata ukiwa Doha. Nyumba nyingi za watu wa majuu zimejengwa kwenye picha za simu tu. Bima ya kusafirisha mwili izungumzwe, hata kama shangazi atasema mnaita mkosi, kwa sababu harambee ya kurudisha maiti ni ghali kuliko hiyo bima. Na nakala ya mkataba wa kazi, ukurasa wa pasipoti wenye picha, jina la wakala na nambari ya ubalozi wa Kenya wa huko ziachiwe mtu mmoja nyumbani anayeweza kupiga simu siku hiyohiyo bila kungoja kikao cha ukoo.